Little Walter: Kijana aliyekifanya kinanda cha mdomo kuwa tarumbeta

Wapenzi wa muziki wa Marekani humtaja Louis Armstrong wanapozungumza juu ya tarumbeta, na Charlie Parker wanapofika kwenye saksafoni. Waulize ni nani aliyekuwa bingwa wa kinanda cha mdomo, kile chombo kidogo kinachoingia katika mfuko wa shati, na wengi watajibu kwa jina moja tu: Little Walter.

Jina lake kamili lilikuwa Marion Walter Jacobs. Alizaliwa Mei 1, 1930 katika mji mdogo wa Marksville, jimbo la Louisiana, na akafariki mjini Chicago Februari 15, 1968, kabla hajatimiza miaka 38. Maisha yalikuwa mafupi, na sehemu yake iliyong'aa ilikuwa fupi zaidi. Kati ya 1952 na 1958 nyimbo zake 14 zilipanda hadi kumi bora katika orodha ya muziki wa Wamarekani weusi, mbili zikafika nambari moja. Baadaye jina lake likaanza kufifia, na alipozikwa hapakuwa na jiwe la kuonyesha ni nani aliyelala pale.

Marksville iko katika sehemu ya Louisiana ambako Kifaransa kilikuwa bado kikisemwa majumbani, na familia nyingi za watu weusi zilikuwa za dini ya Kikatoliki. Kazi ilikuwa ya shamba. Walter hakupenda shamba wala shule. Alipofika umri wa miaka kama 12 alikuwa amekwisha toka nyumbani, anatangatanga na kinanda chake: New Orleans kwanza, kisha kaskazini hadi Helena, Memphis na St. Louis. Alipiga pembeni mwa barabara, akala alichopewa, akalala alipopata.

Huko Helena, mji wa Arkansas ulio kando ya mto Mississippi, kilikuwako kituo cha redio kiitwacho KFFA. Tangu mwaka 1941 kituo hicho kilikuwa na kipindi cha mchana kilicholipiwa na wauzaji wa unga wa ngano wa King Biscuit, na mpigaji wake mkuu alikuwa Rice Miller, mzee mjanja wa kinanda cha mdomo aliyejiita Sonny Boy Williamson. Jina hilo hasa lilikuwa la mpigaji mwingine, John Lee Williamson wa Chicago, ambaye santuri zake zilikuwa zimeenea kote kusini. Walter aliwafuata wote wawili: yule wa Helena kwa kukaa karibu naye, na yule wa Chicago kwa kusikiliza santuri zake.

Lakini masikio ya kijana huyu hayakutosheka na wapiga vinanda wenzake. Alimsikiliza sana mtu ambaye hakupiga kinanda cha mdomo hata kidogo, naye ni Louis Jordan.

Jordan, mwenyeji wa Arkansas aliyezaliwa mwaka 1908, ndiye aliyeupa nguvu mtindo wa bluzi ulioitwa jampu, yaani muziki wa kumrusha mtu kutoka kitini. Katika miaka ya 1930 dansi za Marekani zilitawaliwa na bendi kubwa za watu 15 au zaidi. Mwaka 1938 Jordan alitoka katika bendi ya Chick Webb, akaanzisha kikundi kidogo huko Harlem, mjini New York, ambacho baadaye alikiita Tympany Five, ingawa mara nyingi watu wake walikuwa zaidi ya watano. Humo mlikuwa na saksafoni, tarumbeta, piano, besi na ngoma. Piano ilitembea kwa mwendo wa bugi, ala za kupuliza zikamjibu mwimbaji kama watu wanaobishana sokoni, na maneno yalijaa mzaha. Vita vya pili vya dunia vilipofanya petroli na matairi kugawiwa kwa kipimo, na vijana wengi kuchukuliwa jeshini, kikundi kidogo kikawa rahisi kusafirisha na kulipa kuliko jeshi zima la wapiga tarumbeta. Wimbo wake "Choo Choo Ch'Boogie" wa mwaka 1946 ulikaa nambari moja kwa wiki 18.

Walter alizishika nyimbo za Jordan, akajifunza vipande vya saksafoni sauti kwa sauti, kisha akavihamisha kwenye kinanda chake.

Jambo hilo si rahisi kama linavyosikika. Kinanda cha kawaida cha bluzi kina matundu kumi. Ndani ya kila tundu mna vijibamba viwili vya shaba, kimoja hulia mtu anapopuliza na kingine anapovuta pumzi. Wajerumani wa kampuni ya Hohner, waliokitengeneza kile kilichopendwa zaidi tangu mwaka 1896, walikipanga kwa ajili ya nyimbo nyepesi za kwao. Sauti za bluzi, zile zinazoteremka kidogo kama mtu anayeguna, hazimo ndani yake. Watu weusi wa kusini waligundua njia ya kuzunguka. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa G, wao huchukua kinanda cha C, na kazi kubwa wakaifanya kwa kuvuta pumzi badala ya kupuliza. Mtu akivuta huku akibadilisha umbo la ulimi na koo, sauti huinama na kulia. Isitoshe, mpiga saksafoni lazima anyamaze avute pumzi, lakini mpiga kinanda hupata sauti pumzi ikiingia na ikitoka. Walter aliitumia nafasi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote kabla yake. Sentensi zake za muziki ni ndefu, zinapinda kona na kuendelea pale ambapo msikilizaji anadhani mtu amekwisha pumzi.

Msomaji aliyewahi kusikia filimbi za kwela za Afrika Kusini katika miaka ya 1950 atalielewa jambo hili. Akina Spokes Mashiyane nao walichukua kifilimbi cha bati cha bei ndogo, wakakifanya kiseme lugha ya saksafoni za Marekani walizozisikia kwenye santuri na sinema. Mambo yalikuwa yale yale pande zote mbili za bahari: ala kubwa haikununulika, basi ile ndogo ikafundishwa kazi ya kubwa.

Walter aliwasili Chicago kiasi cha mwaka 1945, akiandamana na mpiga gita David Honeyboy Edwards. Mji huo ulikuwa ukipokea maelfu ya watu weusi waliopanda gari moshi kutoka mashamba ya pamba kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya nyama na vya chuma. Siku za Jumapili wengi wao walifurika katika soko la mtaa wa Maxwell, ambako kila kitu kiliuzwa, kuanzia soksi hadi kuku. Wanamuziki walimlipa mwenye nyumba iliyo karibu, wakavuta waya wa umeme kutoka dirishani mwake, wakapiga. Mwaka 1947 mwenye duka la redio mtaani humo alimrekodi Walter kwa mara ya kwanza, kwa lebo ndogo iitwayo Ora Nelle. Sauti ya santuri hiyo bado ni ya mwanafunzi wa John Lee Williamson. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1, 1948, Williamson mwenyewe aliuawa na wanyang'anyi akirudi nyumbani kutoka kazini usiku, na kiti cha bingwa wa Chicago kikabaki wazi.

Wakati huo Walter alikuwa amekutana na Muddy Waters. Muddy alikuja Chicago mwaka 1943 kutoka Mississippi, akiwa dereva wa trekta shambani. Yeye, Jimmy Rogers na Walter waliunda kundi lililozunguka katika vilabu vya upande wa kusini wa mji likiwatafuta wanamuziki wengine wa kushindana nao. Walijiita wawindaji wa vichwa. Waliingia mahali, wakaomba kupiga nyimbo mbili tatu, na mara nyingi mwenye kilabu aliamua kuwapa wao kazi badala ya bendi aliyokuwa ameiajiri.

Hapo ndipo tatizo la sauti lilipojitokeza. Magita yalikuwa ya umeme, ngoma zilivuma, na walevi walipiga kelele. Kinanda cha mdomo kilizama. Walter akachukua kipaza sauti cha bei nafuu, cha aina iliyotumiwa na watangazaji katika steshini na maofisi, akakishika pamoja na kinanda ndani ya viganja vyake viwili, akavifunga vidole mpaka hewa isipate pa kutokea. Kipaza sauti kililemewa na sauti ikatoka nene na yenye mikwaruzo, kama saksafoni iliyomeza mchanga.

Haki lazima itendeke hapa. Walter hakuwa mtu wa kwanza kutumia kipaza sauti. Snooky Pryor, mwenzake wa mtaa wa Maxwell, alidai kuwa ndiye aliyeanza baada ya kutoka jeshini. Lakini wengine walitaka tu kusikika. Walter aliona kwamba umeme wenyewe ni sehemu ya ala. Alijifunza wakati wa kufungua viganja na wakati wa kuvifunga, wakati wa kukisogeza kinanda na kipaza sauti na wakati wa kuvibana. Miaka mingi baadaye wapiga gita wa roki walipoanza kuzifurahia sauti zilizokwaruzwa kwa makusudi, kijana wa Louisiana alikuwa amekwisha pita njia hiyo.

Kampuni iliyomrekodi Muddy ilikuwa ya ndugu wawili Wayahudi waliozaliwa Poland, Leonard na Phil Chess. Siku ya Mei 12, 1952 bendi iliingia studio. Kati ya nyimbo za siku hiyo ulikuwamo mmoja usio na maneno, ambao bendi iliutumia vilabuni kufungia kipindi. Walter aliongoza kwa kinanda, Muddy na Jimmy Rogers wakafuata kwa magita, na Elgin Evans akapiga ngoma. Hapakuwa na piano wala ala hata moja ya kupuliza. Hata hivyo ukisikiliza kwa makini utaisikia bendi nzima ya Jordan imejificha ndani ya kinanda kile: kipande cha kwanza kinapanda ngazi kama saksafoni, kisha kinajibiwa na mshindo mzito kama tarumbeta tatu zikilia pamoja.

Wimbo huo uliitwa "Juke". Hilo ni jina la vilabu vya pombe vya kusini, na wataalamu wengi wa lugha hulifuata neno lenyewe hadi Afrika Magharibi kupitia lugha ya Gullah. Ulitolewa chini ya jina la Walter, ukafika nambari moja, ukakaa huko wiki nane. Haujapata kutokea wimbo mwingine usio na maneno, ulioongozwa na kinanda cha mdomo, uliofika mahali hapo katika orodha ile.

Bendi ilikuwa safarini kusini wimbo ulipoanza kulia katika masanduku ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Walter alijisikia akitoka ndani ya sanduku, akawaacha wenzake na kurudi Chicago. Alikuwa na umri wa miaka 22. Huko aliwachukua ndugu wawili wapiga magita, Louis na Dave Myers, na mpiga ngoma wao Fred Below, waliojulikana kama Aces. Mpiga kinanda wao, kijana Junior Wells, akaenda kujaza nafasi kwa Muddy. Ilikuwa kama timu mbili za kandanda zimebadilishana wachezaji.

Kwa maoni yangu bendi hiyo ndogo ilikuwa bora kuliko zote zilizopata kupiga bluzi Chicago. Below alikuwa na elimu ya ngoma za jazi, na hakupiga kwa nguvu bali kwa mwendo mwepesi wa kusukuma. Louis Myers alipoondoka mwaka 1954, aliingia Robert Lockwood, mtu aliyejifunza gita kwa Robert Johnson mwenyewe, naye akaleta maafikiano ya sauti yaliyotoka katika jazi. Juu ya msingi huo Walter aliweza kuruka apendavyo. Walipanda jukwaa la Apollo huko Harlem, ambako kwa desturi walipanda watu wenye saksafoni na suti zilizonyooshwa vizuri. Wao walikuwa wanne tu, na kinanda cha mfukoni.

Mwezi Januari 1955 Walter alirekodi "My Babe". Mtungaji, Willie Dixon, alichukua muundo wa wimbo maarufu wa kanisani juu ya gari moshi la watakatifu, akaugeuza kuwa wimbo wa mapenzi. Katika miezi hiyo hiyo Ray Charles alikuwa akifanya mchezo wa namna hiyo, na watu wa kanisa walikuwa na haki ya kunung'unika. Santuri hiyo ilikuwa nambari moja kwa wiki tano. Muddy Waters, bwana mkubwa wa bluzi za Chicago, hakupata kufika nambari moja hata mara moja katika maisha yake. Kijana aliyekuwa msaidizi wake alifika mara mbili. Na la kupendeza ni kwamba Walter hakuacha kwenda studio kumpigia Muddy. Kinanda kinacholia katika "Hoochie Coochie Man" ya mwaka 1954 ni chake.

Mwaka huo wa 1955 ndio kampuni ya Chess ilipowaleta Chuck Berry na Bo Diddley. Vijana, weusi na weupe, wakaanza kutaka gita. Walter aliendelea kuuza kwa muda, na mwaka 1958 ikatoka santuri ndefu yenye nyimbo zake 12, nyingi zikiwa zile zilizokwisha pendwa. Huko Marekani ndiyo santuri ndefu ya pekee aliyoiona akiwa hai, yenye jina lake peke yake. Katika mwaka huo huo alirekodi "Key to the Highway", wimbo wa Big Bill Broonzy aliyekuwa amefariki mwezi Agosti, nao ukawa wa mwisho kumfikisha kumi bora.

Wengi husema pombe ndiyo iliyomwangusha. Ni kweli alikunywa sana, na alikuwa mtu wa hasira za haraka. Uso wake katika picha za mwisho una makovu ya ugomvi mwingi. Lakini Muddy naye alipatwa na upungufu wa mauzo katika miaka hiyo, na hakuanguka. Mimi naona tofauti ilikuwa katika bendi. Muddy aliwatunza watu wake kama mzee wa nyumba, wengine wakaishi chini ya paa lake. Walter aliwapoteza wake mmoja baada ya mwingine, Myers wote wawili, kisha Below. Mtindo wake ulihitaji watu waliomjua, wanaoweza kukisia atakakopinda. Usiku akipiga na watu wa kuokoteza, ilimbidi apige nyimbo zile zile kwa njia ile ile, na mtu mwenye kipawa kama kile huchoka upesi na mambo ya namna hiyo.

Mwaka 1964 alialikwa Uingereza, akakuta vijana wanaojua kila pumzi ya santuri zake. Mapema mwaka 1967 alirekodi pamoja na Muddy na Bo Diddley santuri iliyoitwa "Super Blues", Otis Spann akiwa kwenye piano. Ni kazi ya makelele na masihara, na kinanda cha Walter humo hakina ile meno yake ya zamani. Vuli ya mwaka huo alirudi Ulaya na kundi la wanabluzi wengine, na picha za sinema zilizochukuliwa huko zinamwonyesha mtu aliyedhoofika, ingawa mara moja moja viganja vinajifunga na ile sauti nene inatoka.

Miezi michache baadaye, akiwa katika mapumziko kati ya vipindi kwenye kilabu kimoja cha upande wa kusini wa Chicago, aliingia katika ugomvi. Hakuonekana kuumia sana. Alikwenda kwa rafiki yake wa kike, akalala, na hakuamka. Hati ya kifo ilitaja damu iliyoganda katika mshipa wa moyo. Alizikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya St. Mary's, huko Evergreen Park nje ya Chicago. Kaburi lilikaa bila jiwe mpaka mwaka 1991, wapenzi wa muziki wake walipojitolea kuliwekea.

Mwaka 2008 aliingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa roki la Marekani, mtu wa kwanza kupewa nafasi hiyo kwa sababu ya kinanda cha mdomo. Ajabu ni kwamba waliomchagua walimweka katika fungu la wasaidizi, wale wanaosimama nyuma ya mwimbaji. Mtu aliyemwacha Muddy Waters ili asimame mbele, na akasimama, alirudishwa nyuma miaka 40 baada ya kufa kwake.

Rolling Stones, ambao walimsikiliza tangu ujana wao, walitoa mwezi Desemba 2016 santuri nzima ya bluzi za Chicago, wakiwa wamejifungia siku tatu katika studio mjini London. Kati ya nyimbo zake 12, nne ni zile zilizorekodiwa na Walter, na Mick Jagger mwenyewe ndiye anayepiga kinanda. Santuri yenyewe inafunguliwa na "Just Your Fool". Wimbo huo mwanzoni ulikuwa wa Buddy Johnson, kiongozi wa bendi kubwa ya jampu yenye safu nzima ya saksafoni na tarumbeta. Walter aliusikia, akaziondoa ala zote za kupuliza, akaziingiza katika matundu kumi.